Ekzosi breki, ritada na semi ya shaba kwenye mteremko wa Kitonga

Breki ya mguu kwenye semi ni ya kusimamisha gari. Kulizuia gari lisikimbie mlima mzima ni kazi ya mitambo mingine, na madereva wengi ninaowafundisha wanayo hiyo mitambo kwenye magari yao lakini hawaitumii, au wanaiwasha wakiwa wameshachelewa.

Chukua semi ya tani 50 inayotoka Tunduma na shaba, inashuka Kitonga, mkoani Iringa, kuelekea Dar es Salaam. Kila inaposhuka mita 100 za kimo, uzito ule unatoa joto la kutosha kuchemsha lita 140 za maji baridi. Joto hilo lazima liende mahali. Ukishuka kwa mguu tu, lote linaingia kwenye dramu, yaani ngoma ya breki inayozunguka na gurudumu, na lainingi zinazobana ndani yake. Dramu ikipata moto inatanuka na kujitenga na lainingi, kwa hiyo fimbo ya chemba, kile kikopo cha upepo kinachosukuma breki, inabidi isukume mbali zaidi, na urefu wake una kikomo. Lainingi nazo zikiungua zinateleza. Dereva anakanyaga, geji inaonyesha upepo upo, gari halishiki. Kesho yake tunaambiwa breki zilifeli, wakati ukifungua magurudumu hukuti hata kitu kimoja kilichokatika. Zilizidiwa na moto.

Ekzosi breki ndiyo rahisi kuliko zote. Ni kipande cha chuma cha duara ndani ya bomba la moshi, kinachogeuzwa na silinda ndogo ya upepo. Kikijifunga, hewa inayotoka kwenye injini inakosa njia, pistoni zinapanda zikisukumana na shinikizo, na magurudumu ndiyo yanayolipia kazi hiyo. Malori ya zamani yana kitufe sakafuni cha kukanyaga kwa kisigino. Nimeona mengi ambayo kipande hicho kimeganda kwa masizi, au fundi amekichomoa kwa madai kwamba kinakula nguvu ya injini. Kikiwa kizima hakili chochote unapopanda, maana kinakuwa wazi kabisa.

Ya pili ni breki ya injini, inayofanya kazi ndani ya injini yenyewe. Clessie Cummins, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya injini yenye jina lake, mwaka 1931 alikuwa kwenye lori likishuka Cajon Pass, California, breki zikashindwa kulishika, na chini kulikuwa na treni inakatiza barabara. Walinusurika kidogo sana. Hakulisahau jambo lile, na wazo lake likaingia sokoni mwaka 1961 kupitia kampuni ya Jacobs. Pistoni inapopanda kubana hewa inatumia nguvu nyingi, lakini kwa kawaida hewa ile hujibu kwa kuisukuma pistoni chini, nguvu ikarudi. Mtambo huu unafungua valvu ya moshi pistoni ikiwa karibu kufika juu, hewa iliyobanwa ikaondoka, na nguvu ikapotea moja kwa moja. Mimi naipenda kuliko nyingine kwa magari ya safari ndefu, kwa sababu joto lake kubwa linatoka na moshi.

Zote mbili hutegemea mizunguko ya injini. Mshale wa mizunguko ukiwa chini, hazina nguvu. Ndiyo maana dashibodi nyingi zina ukanda wa bluu: hapo ndipo injini inashika vizuri. Madereva wanaogopa sauti ile, wanapandisha gia injini ipumzike, na papo hapo wameitupa breki yao bora.

Wazee walifundisha kwamba shuka na gia uliyopandia. Kwa injini za leo kanuni hiyo inaweza kukudanganya, maana gari la nguvu farasi 500 linapanda na gia kubwa kuliko ile inayoweza kulishikilia likishuka. Kwa tani 50 kwenye mteremko wa asilimia 6, ukienda kilomita 40 kwa saa unahitaji kuondoa takribani kilowati 300 muda wote. Ekzosi breki peke yake haifiki huko. Ukienda 20, unahitaji nusu yake. Gia ichaguliwe juu, kabla gari halijashika kasi, kwa sababu katikati ya mteremko unaweza kuitoa na nyingine ikakataa kuingia.

Wanaopiga fri, yaani kushuka gari likiwa halina gia, ili kuokoa dizeli wanajidanganya mara mbili. Kwenye injini za kisasa, gari likiwa kwenye gia na mguu uko nje ya mafuta, dizeli inakatwa kabisa. Ukiweka fri, injini inaanza tena kunywa ili isizime, na haikushikilii tena gari.

Mtambo wa tatu ni ritada ya mafuta, nayo hukaa kwenye gia boksi. Ina gurudumu la mapanga linalozunguka na jingine lililotulia, mafuta yakiingizwa katikati yanakinzana. Joto linakwenda kwenye maji ya rejeta. Kwa hiyo hata ukiwa na ritada, injini izunguke vya kutosha ili pampu isukume maji na feni ipulize. Maji yakichemka, ritada inajipunguza yenyewe, tena wakati unapoihitaji zaidi.

Hizi zote hazisimamishi gari kabisa, wala haziliegeshi. Hapo inabaki breki ya mguu, na nyuma yake zile springi za kwenye chemba ambazo upepo ukiisha zinabana zenyewe. Daiframu, ule mpira wa ndani ya chemba, ikivuja, wapo wanaokaza bolti ya chemba ili springi isibane, halafu safari inaendelea. Tela ya namna hiyo isivuke kilele cha Kitonga.

Mvua ikinyesha, punguza ritada hatua kwa hatua. Inashika tu magurudumu ya hosi, yaani kichwa kinachovuta tela, yale yanayoendeshwa na injini, na tela ikiwa tupu yana uzito mdogo; yakiteleza, tela inaisukuma hosi na gari linajikunja. Kwenye lami iliyolowa, tumia gia ndogo, mwendo mdogo, na hatua ya kwanza ya ritada.