Orodha ya vitabu haina bonane

Mwezi wa kumi na mbili ukikaribia, kuna watu hapa Lubumbashi wanaoanza kuikwepa orodha yao ya vitabu walivyopanga kusoma kama mpangaji anavyomkwepa mwenye nyumba. Hofu hiyo imesimama juu ya mambo yanayorudiwa sana, na mengi hayana ukweli.

Dhana: orodha lazima ifungwe tarehe 31 Desemba

Nani alisema? Kwetu shule zinafungua Septemba, na mwaka wa masomo unakwisha mwanzoni mwa Julai. Desemba mvua imekolea, umeme unakatika, na muda pamoja na franka vyote vinaelekea kwenye Noeli na nguo za watoto za bonane, yaani Mwaka Mpya. Anayetaka kusoma kwa utulivu Katanga ana vakansi kubwa, Julai na Agosti, wakati baridi inawaingiza watu ndani mapema.

Desturi ya kuhesabu vitabu kwa mwaka imepata nguvu kwenye intaneti. Tovuti ya Goodreads, ambayo Amazon iliinunua mwaka 2013, huwaalika wanachama kila mwaka wataje idadi ya vitabu watakavyosoma, kisha inawahesabia hadi Desemba. Hesabu hiyo haijui uzito: riwaya ya kurasa 90 ni kitabu kimoja, na historia ya kurasa 700 nayo ni kitabu kimoja. Ukiitii sana, utajikuta unachagua vyembamba.

Dhana: kitabu ulichokianza lazima ukimalize

Hii ndiyo iliyoota mizizi, na mimi naona shule ina mkono wake. Mwalimu wa Kifaransa aliagiza riwaya, nawe ukaandika fishi ya usomaji: mwandishi, wahusika, muhtasari, funzo. Asiyefika mwisho alikamatwa kwenye muhtasari. Leo hakuna anayetukusanyia fishi, ila aibu imebaki palepale.

Mwalimu mwingine wa Kifaransa, Daniel Pennac wa Ufaransa, aliorodhesha mwaka 1992 haki kumi za msomaji. Ya kwanza ni haki ya kutosoma, ya pili ni kuruka kurasa, na ya tatu ni kutomaliza kitabu. Aliziandika akiwa amewafundisha kwa miaka vijana walioogopa kusoma, kwa hiyo alijua kulazimishwa kunafanya nini kwa hamu ya mtu.

"Lakini nimekinunua kwa pesa yangu!" Hapo watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer wana jambo la kutuambia. Mwaka 1985 walitoa taarifa ya jaribio lililofanyika kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza wa chuo kikuu kimoja cha Ohio, Marekani. Watu waliokuja kununua tiketi za msimu mzima, za dola 15, baadhi walilipa bei kamili na wengine wakapunguziwa bila kutarajia. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi, ingawa michezo ilikuwa ileile. Pesa iliyokwisha kutoka ndiyo iliyokuwa inawasukuma. Na kitabu ni hivyo hivyo: ulicholipa hakirudi, ukimalize usikimalize. Kilichobaki mkononi ni jioni zako.

Ila kuna kuacha na kuacha. Mudimbe, mwandishi na mwanafalsafa, mzaliwa wa Likasi mwaka 1941, aliyefundisha hapa Lubumbashi kabla ya kuhamia Marekani, yuko kwenye orodha za watu wengi mjini kwa sababu ni wetu. Wengi huishia kwenye utangulizi. Huyo si wa kumfukuza kwa kuwa mgumu. Chukua sura moja inayokuhusu, isome peke yake, kitabu kizima kingoje. Kitabu kinachokuchosha bila kukufundisha kitu ni habari nyingine: kifunge. Cha mtihani nacho, bila shaka, hakina mjadala.

Dhana: kisichomalizika kitakusumbua akili mpaka ukimalize

Wanaosema hivi hupenda kumtaja Bluma Zeigarnik, aliyeandika mwaka 1927 kwamba watu hukumbuka zaidi kazi zilizokatizwa kuliko zilizokamilika. Waliorudia jaribio lake baadaye hawakupata matokeo hayo kila mara. Na mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba mawazo ya kazi iliyobaki hupungua pale mtu anapoipangia mpango maalumu, hata kabla ya kuigusa tena.

Kwa orodha yako, maana yake ni biki na kaye, yaani kalamu na daftari. Kitoe kitabu, tazama vocha ya simu uliyoiweka kama alama imesimama wapi, kisha andika: "Historia ya reli, uk. 112, Jumapili baada ya misa, barazani." Ukishindwa kutaja siku na mahali, basi hukitaki sasa, kihamishie kwenye ukurasa mwingine wa kaye, usio na tarehe. Kazi hii inawezekana Machi, inawezekana Agosti, na hakuna haja ya kuifanya yote kwa siku moja.

Dhana: ukisoma kwa kasi utaimaliza yote

Keith Rayner na wenzake walipitia utafiti wa miaka mingi, na makala yao iliyotoka mwaka 2016 inasema kwamba kasi inapopanda sana, uelewa unashuka. Basi.

Dhana: PDF zote ulizotumiwa ni deni

Faili mia zilizoingia kwa WhatsApp, nusu yake zikiitwa "document (3)", hazijawahi kuwa orodha. Zifungue chache, zipe majina ya kueleweka, nyingine futa. Simu yenyewe itapumua.

Dhana: kutoa kitabu ambacho hujakisoma ni kukidharau

Maktaba hupunguza vitabu kwenye rafu zao kila wakati; ni sehemu ya kazi ya mkutubi. Na hapa kwetu penye vichuguu, kitabu kilichosahauliwa ndani ya boksi sakafuni kinaweza kumalizwa na mchwa kabla yako. Mpe kijana wa jirani kule Katuba, au muuzaji wa vitabu vya mitumba, ukabadilishane naye. Kabla ya kutoa, angalia ukurasa wa kwanza umeandikwa jina la nani. Vingi tunavyoviita vyetu ni vya kuazima, na kuna mtu Kamalondo ambaye bado anasubiri kukuuliza, "Yaya, na kile kitabu changu?"