Je, wajua kwa nini saini ya barua pepe hutanguliwa na vistari viwili?

Fungua barua pepe iliyoandikwa kwa programu ya Gmail au Thunderbird, ushuke hadi chini. Kabla ya jina, cheo na namba ya simu ya mtumaji, mara nyingi utakuta vistari viwili vimekaa peke yao kwenye mstari. Wengi hudhani ni pambo, au kasoro ya programu, wakavifuta.

Dhana hiyo imeota juu ya nyingine kubwa zaidi: kwamba saini husafiri kando ya ujumbe, kwenye sehemu yake. Ni rahisi kuamini hivyo, maana tunaiandika mara moja kwenye mipangilio, kisha inajitokeza yenyewe kila siku. Lakini sivyo. Anwani ya mtumaji ina mahali pake maalumu ndani ya barua, ya mpokeaji vilevile, mada na tarehe pia. Saini haina. Unapoanza barua mpya, programu huyanakili maneno yale na kuyabandika ndani ya ujumbe, na tangu hapo hayana tofauti na "Habari za asubuhi" uliyoichapa kwa mkono. Ndiyo maana ukibadilisha namba ya simu kwenye mipangilio leo, barua za jana zinabaki na namba ya zamani.

Programu ya mpokeaji basi itajuaje ujumbe umeishia wapi? Huko Kilimanjaro, mpaka kati ya kihamba, yaani shamba la familia, na kihamba kingine hupandwa mimea iitwayo masale. Udongo ni uleule pande zote mbili, na ukuta hakuna. Ila anayeijua desturi akiliona isale anajua ya jirani yanaanzia hapo. Mgeni akiling'oa akidhani ni kichaka tu, mpaka umepotea ingawa ardhi haikuguswa. Vistari viwili vinafanya kazi hiyohiyo. Thunderbird ikiviona, maneno ya chini yake huyafifisha rangi, na ukijibu haiyanukuu.

Alama yenyewe, kwa ukamilifu, ni kistari, kistari, nafasi moja, kisha mstari unaisha. Nafasi hiyo haionekani kwa macho, lakini bila yake alama si alama. Desturi ilianzia Usenet, mtandao wa majadiliano wa tangu 1980, na ikatajwa rasmi katika RFC 3676, mmoja wa nyaraka za kanuni za intaneti, wa Februari 2004. Kinachopendeza ni kwamba waraka huohuo unasema nafasi mwishoni mwa mstari ina maana sentensi inaendelea mstari unaofuata, ziunganishwe. Kwa kanuni hiyo vistari vingegandishwa na jina lako! Ikabidi mstari huu wa herufi tatu uandikiwe ruhusa yake ya pekee.

Si programu zote zinazoifuata desturi hii. Outlook haiviweki vistari yenyewe. Nayo Thunderbird, ukiiagiza saini ikae juu ya maneno uliyonukuu, huviondoa kwa makusudi, kwa kuwa vingebaki, nukuu yote iliyo chini ingehesabiwa kuwa saini. Gmail ina chaguo la namna hiyo katika mipangilio ya saini. Ukivichapa mwenyewe kwenye simu, angalia kibodi isiviunganishe kuwa kistari kimoja kirefu, kwa sababu hicho hakitambuliki. Na chini ya vistari, mwongozo wa adabu za intaneti wa 1995, RFC 1855, unashauri mistari isizidi 4.