Ukuta wa mawe haupigwi simenti

"Fundi, bomoa chokaa yote, nipigie simenti. Nataka kitu cha kudumu." Mwezi huu peke yake nimeambiwa hivyo na wenye nyumba watatu, wote wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, wote na nyumba za mawe walizorithi. Wa tatu nilimkatalia kazi. Nimechoka kulieleza jambo hili barazani, mtu mmoja mmoja, na huku kuta zinaoza.

Dhana yenyewe ni kwamba simenti ni ngumu kuliko chokaa, kwa hiyo inadumu zaidi. Ngumu ni kweli. Lakini ukuta wa nyumba hizi una unene wa nusu mita au zaidi, na ndani yake ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Msingi hauna kitu cha kuzuia unyevu, kwa hiyo maji ya ardhini hupanda ukutani mwaka mzima yakiwa yamebeba chumvi. Wazee hawakupigana nayo. Waliupiga ukuta lipu ya chokaa, wakamalizia kwa niru, yaani chokaa laini ya kumalizia, na maji yakawa yanatoka yenyewe kwa mvuke. Ukipiga simenti umeziba mlango huo. Maji hayaachi kupanda, ila sasa yanatafuta pa kutokea juu zaidi. Nimeona alama ya unyevu iliyokuwa usawa wa goti ikafika kifuani ndani ya masika machache.

Kisha ukuta wa mawe na udongo hucheza kidogo kidogo, unavimba ukilowa na kunywea ukikauka. Chokaa inachezea pamoja nao. Simenti haichezi, inapasuka. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuingiza mvua ya Machi mpaka Mei, na maji yakishaingia nyuma ya lipu hayana pa kutokea.

Katika nyumba moja ya Mkunazini niligonga lipu ya simenti kwa mpini wa nyundo, ikalia kama debe tupu. Nikaingiza patasi, kikabanduka kipande kipana kama sinia. Nyuma yake udongo ulikuwa umelowa, unachotwa kwa kidole, na chumvi imeota juu ya mawe nyeupe kama pamba. Nilibonyeza kichwa cha boriti pale kilipoingia ukutani, dole gumba likazama. Boriti ileile, katikati ya chumba, ilikuwa kavu na ngumu, msumari unapinda. Mwenye nyumba alikuwa ameshaambiwa na fundi wa kabla yangu kwamba lipu ilibanduka kwa sababu simenti ilikuwa kidogo, akanunua mifuko zaidi. Yaani aliulipia ugonjwa mara mbili.

Ndiyo maana napandwa na hasira nikisikia "boriti za mikandaa," yaani za miti ya mikoko, "hazidumu, tuweke nondo." Mkandaa mkavu unakaa vizazi. Unaooza ni ule ulionyimwa hewa.

Wengine wanasema chokaa ni rangi ya watu wa hali ya chini. Waende Kilwa Kisiwani wakautazame Msikiti Mkuu na kuba zake, kazi ya matumbawe na chokaa, iliyokuwa imesimama karne nyingi kabla Joseph Aspdin hajapewa hataza ya simenti ya Portland huko Uingereza mwaka 1824.

Sina ugomvi na simenti. Nyumba ya tofali za simenti, yenye nguzo na nondo, ipigwe simenti. Ila hata huko kuna makosa. Mtu anafurahi zege likikauka upesi kwa jua, akidhani ndiyo limeshika. Zege halikomai kwa kukauka, linakomaa kwa maji, kwa hiyo limwagilie siku zisizopungua 7, lifunike kwa magunia. Na mchanga wa pwani, hata uwe mweupe na wa bure, usiutie kwenye zege. Chumvi yake inakula nondo, nondo ikishika kutu inavimba, zege linapasuka.

Ukungu ukutani nao hautibiwi kwa jiki wala kwa rangi ya mafuta. Jiki inaondoa weusi kwa muda, rangi ya mafuta inafungia unyevu ndani. Na usichanganye jiki na asidi ya kusafishia choo, hewa inayotoka inaunguza mapafu.

Kwa nyumba ya mawe, mimi nafanya hivi. Chokaa nailoweka pipani miezi 3 au zaidi, ikiwa chini ya maji muda wote, mpaka iwe laini kama siagi. Nachanganya sehemu 1 ya chokaa na 3 za mchanga wa kuchimba uliochekechwa. Ukuta naurowesha kwanza, maana mkavu unainyonya lipu ikiwa bado mbichi. Napiga tabaka nyembamba, nasubiri, napiga nyingine. Chokaa inashika kwa kuvuta hewa ya kaboni, polepole, na mwenye haraka atafute kazi nyingine. Baada ya miaka kadhaa mvua itaila, utapaka tena. Bora iliwe lipu kuliko jiwe.

Simenti ya zamani usiibomoe yote kwa pupa wala wakati wa masika. Na kabla hujaniita, panda juu utazame gata. Likiwa limetoboka na maji yanamwagika ukutani, lizibe hilo kwanza, uuache ukuta ukauke kiangazi kizima, ndipo tuzungumze lipu.