Vipandikizi vya meno kwa taya lililopungua mfupa: yanayosemwa na ukweli wake

"Huna mfupa wa kutosha." Mgonjwa akishaambiwa hivyo, mara nyingi huondoka akijua habari ya vipandikizi, yaani skrubu ndogo za madini ya titani zinazowekwa kwenye mfupa wa taya kushika meno ya bandia, imeishia hapo, arudi kwenye meno ya bandia ya kuvua na kuvaa. Naandika kwa ajili yake, maana kauli hiyo peke yake haitoshi. Mfupa umepungua wapi, kwa urefu au kwa upana, na umebaki kiasi gani?

"Eksirei imeshaonyesha, hakuna la kuongeza."
Eksirei ya kawaida inayopiga taya zima ni picha bapa. Huonyesha urefu wa mfupa, lakini upana wake hauonekani. Unene huo, pamoja na mahali hasa unapopita mshipa wa fahamu wa taya la chini, huonekana vizuri kwenye picha ya pande tatu. Mshipa huo ukijeruhiwa, mdomo wa chini na kidevu vinaweza kubaki na ganzi, kwa hiyo vipimo hivi si anasa. Kama umekataliwa kwa picha bapa tu, una haki ya kuuliza.

"Meno ya bandia yanalitunza taya."
Kinyume chake. Sehemu ya taya inayoshika meno hudumu kwa kazi inayoletewa na mizizi. Jino likishang'olewa, mwili huanza kuuyeyusha mfupa uliolizunguka, na haungoji: katika miezi 12 upana wa mahali hapo unaweza kupungua kwa takriban nusu, na theluthi mbili ya upungufu huo hutokea ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Bandia hukaa juu ya fizi na kukandamiza, haina mzizi wa kuushughulisha mfupa. Ndiyo maana iliyokuwa ikishika vizuri huanza kucheza mdomoni baada ya miaka. Taya la chini ndilo huumia zaidi, lakini sehemu yake ya mbele mara nyingi hubaki na mfupa unaofaa. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walipendekeza vipandikizi 2 vya kushikilia bandia ya chini viwe chaguo la kwanza kwa asiye na meno kabisa kwenye taya hilo.

"Mfupa ukipungua, kipandikizi hakiwezekani."
Hii ndiyo dhana inayowakatisha watu tamaa kuliko zote. Mgonjwa wa kwanza wa Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Uswidi aliyegundua kwamba titani hushikana na mfupa hai, alikuwa na taya lenye kasoro ya kuzaliwa. Aliwekewa vipandikizi mwaka 1965, vikamtumikia kwa miaka 40 na ushee.

Leo njia ni nyingi. Mfupa ukiwa mwembamba, unaweza kuongezwa. Nyuma ya taya la juu, ambako uwazi wa hewa wa sainasi hushuka karibu na fizi, daktari huinua utando wake na kujaza mfupa chini yake. Pengine vipandikizi vifupi, vya milimita 6 hivi, hutosha bila kuongeza chochote. Vingine hulazwa kwa pembe ili kukwepa mahali palipopungua. Taya la juu likiwa limekwisha sana, vipo virefu vinavyojishikiza kwenye mfupa wa shavu. Huo ni upasuaji mkubwa, wa kufanywa na aliyebobea tu.

Asikudanganye mtu kwamba ni haraka. Mfupa ulioongezwa mara nyingi huhitaji miezi kadhaa kukomaa kabla ya kipandikizi kuwekwa, na wakati mwingine haushiki.

"Mfupa wa kupandikiza utakataliwa na mwili."
Unaweza kutoka kwako mwenyewe, kwa binadamu aliyefariki, kwa ng'ombe au nguruwe, au kutengenezwa kiwandani. Ule wa mnyama husafishwa mpaka chembe hai zisibaki. Kinachowekwa ni kama jukwaa la waashi, mfupa wako hupanda juu yake. Kama imani yako inakukataza baadhi ya vyanzo hivi, uliza chanzo kabla ya siku ya upasuaji.

"Wazee na wenye mifupa dhaifu wasijaribu."
Umri mkubwa peke yake si kizuizi. Kinachopaswa kusemwa waziwazi ni dawa: baadhi ya dawa za mifupa, hasa za kundi la bisfosfoneti, zinaweza kuleta kidonda cha taya kisichopona. Mwambie daktari wa meno, wala usiiache dawa kwa uamuzi wako. Kisukari kisichodhibitiwa na sigara navyo huongeza uwezekano wa kushindwa.

"Titani haiozi, basi kazi imekwisha."
Haiozi, kweli, lakini fizi na mfupa unaoizunguka huweza kushambuliwa na bakteria, na mfupa uliopatikana kwa shida ukaliwa tena. Maumivu huweza kuchelewa kuja. Ukiona damu ukipiga mswaki pembeni ya kipandikizi, au usaha, nenda kapimwe hata kama hakikuumi.