Sungura aliyelala chali mikononi mwako hajasinzia

Wiki mbili zilizopita mama mmoja hapa Arua aliniletea sungura wa wiki saba ndani ya boksi la sabuni. Tangu waanze "kumzoesha", sungura amepunguza kula na anakaa kona moja ya banda. Kabla sijamgusa, mama akanionyesha video kwenye simu: kijana wake amemlaza mapajani, tumbo juu, miguu imelegea, anamkuna kidevu. "Tazama, daktari, amemzoea mpaka analala."

Ni mara ya nne mwezi huu naonyeshwa video ya namna hiyo. Hajalala! Ameganda. Sungura ukimgeuza chali, mwili wake unafanya lile la mwisho linaloweza kufanywa na mnyama aliyekwisha kukamatwa: anajifanya mfu, huenda aliyemshika akalegeza. Watafiti wa Uingereza waliwapima sungura waliogeuzwa hivyo, wakakuta mapigo ya moyo na pumzi vimepanda, na wakiachiwa wanajificha zaidi. Itazame ile video tena bila sauti: macho yametoka, masikio yamelala mgongoni, mbavu zinakwenda mbio. Kuku aliyening'inizwa miguu juu kwenye boda naye hunyamaza, na sijasikia mtu akisema anaipenda safari.

Aliyetulia kweli utamjua. Anajinyoosha ubavu mwenyewe, sakafuni, miguu ya nyuma kaitupa kando, na ukimpapasa paji la uso anasaga meno taratibu, sauti ndogo unayoisikia kwa kuinamisha kichwa. Hilo halipatikani kwa kumshika. Linapatikana kwa kumwacha.

Mababu wa sungura tunaowafuga walitoka Hispania na Ureno, wakiishi mashimoni, na kifo kiliwajia kutoka juu. Kaa nje dakika tano uwatazame mwewe, kisha fikiria mkono unaoshuka ghafla bandani na kumnyakua mgongoni. Kwake yeye mkono huo una kucha. Ndiyo maana nasema kaa chini. Tandika mkeka chumbani, funga mlango, mfungulie banda atoke mwenyewe, weka majani ya viazi vitamu karibu na goti lako, halafu usifanye kitu. Robo saa, asubuhi mapema au jua likizama, wakati ambao mwenyewe yuko macho. Watoto wanaona vigumu kutofanya kitu, na watu wazima zaidi. Siku ya kwanza hatakuja. Siku ya tatu atanusa kidole cha mguu wako na kukimbia. Usimfuate! Ukimfuata mara moja umerudi siku ya kwanza. Akianza kubaki, leta mkono chini chini kutoka ubavuni, maana mbele kabisa ya pua yake haoni, kisha mguse paji la uso na mashavu. Kidevu na tumbo viache.

Masikio si mpini. Yamejaa mishipa ya damu na ndiyo anayotumia kupoza mwili. Basi.

Kumnyanyua ni lazima ajifunze, kwa sababu kucha zitakatwa na sehemu ya nyuma itakaguliwa isitagiwe mayai na nzi. Mkono mmoja chini ya kifua, wa pili ubebe matako, mbane kifuani kwako, na ufanye hayo ukiwa umeketi. Mifupa yake ni myepesi na misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu kuliko uti wa mgongo unavyoweza kustahimili. Akipiga teke hewani bila kushikiliwa nyuma, anajivunja kiuno mwenyewe. Nimeletewa sungura wa hivyo, anaburuta miguu, na mtoto analia mlangoni, na sikuwa na dawa.

Sasa lile wanalosema watu, kwamba sungura jike huwakataa watoto wake walioguswa na binadamu. Si kweli. Jike huwanyonyesha dakika chache tu, mara nyingi mara moja kwa siku, na watafiti wa Hungary walionyesha kuwa watoto walioshikwa wiki ya kwanza, karibu na saa ya kunyonya, walikua bila kuwaogopa sana watu. Hapa lakini nakiri kusita kwangu. Jike mwoga wa uzao wa kwanza namwachia siku mbili tatu, ingawa najua siku hizo zina thamani. Na wasinunuliwe wa wiki nne, tafadhali. Wiki nane.

Vitabu vinaandika kana kwamba aliyeshikwa mapema atapenda kubebwa. Nina jike wa miaka mitatu niliyemshika tangu ana siku tano. Anakuja gotini mwenyewe, analala kwenye mguu wangu, na nikimnyanyua mwili wote unakakamaa. Nadhani wengi wako hivyo, na siku hizi namnyanyua pale tu inapolazimu.

Kijana wa ile video aliniuliza, "Sasa nitamshika lini?" Nikamwambia asimshike siku kumi, akae mkekani na majani yake. Siku ya sita mama yake alinipigia: sungura anakula vizuri, na jioni ile alipanda kwenye mguu wa kijana, akachukua jani, akakimbilia chini ya kiti kulila. Kijana alitaka kujua kama amfuate. Nikasema abaki palepale, aweke jani la pili.