Mtindo wa kujifunza si sababu ya kukata rufaa ya mtihani

Kila matokeo ya semista yanapobandikwa, ofisi ya taaluma hupokea barua za rufaa. Hilo ni la kawaida, na ni haki ya mwanafunzi. Kilichotusukuma kuandika makala hii ni barua za aina moja ambazo sasa zimezidi. Mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza au wa pili anaeleza kwamba ameanguka anatomia au biokemia kwa kuwa yeye ni mtu wa kuona, yaani hujifunza kwa kutazama, na mhadhiri alikuwa akiongea tu. Mwingine ni mtu wa kusikia, na somo lilifundishwa kwa slaidi. Barua huambatanishwa na matokeo ya dodoso lililojazwa kwenye simu. Wazazi nao wanapiga kuuliza kama kijana anaweza kuhamishiwa darasa linaloendana na mtindo wake. Darasa la namna hiyo hatuna, na hatuna mpango wa kulianzisha.

Tunajua wanaoandika barua hizi wanaandika kwa nia njema. Wengi waliambiwa hayo na walimu wao tangu sekondari, na walimu wenyewe wanayaamini. Mwaka 2020 Philip Newton na Atharva Salvi walikusanya tafiti zilizowahi kuwauliza walimu wa nchi mbalimbali kuhusu jambo hili, wakakuta takriban asilimia 89 wanaamini kwamba mwanafunzi hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo wake. Imani iliyoenea kiasi hicho haiwezi kuwa kosa la kijana wa miaka ishirini. Lakini wingi wa wanaoamini jambo hauligeuzi kuwa kweli, na daktari mtarajiwa anapaswa kulifahamu hilo mapema kuliko watu wengine.

Dodoso linaloletwa mara nyingi ni VARK. Lilianzishwa na Neil Fleming, mkaguzi wa shule wa zamani aliyekuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Lincoln, New Zealand, na mwaka 1992 yeye na Colleen Mills walichapisha makala kulihusu. Linampanga mtu katika kuona, kusikia, kusoma na kuandika, au kutenda. Tunaomba walitumiao wasome maswali yake kwa makini. Linauliza unapendelea nini: ungemwelekezaje mgeni njia, ungejifunzaje kutumia kifaa kipya. Halipimi umeelewa nini wala utakumbuka nini baada ya mwezi. Fleming na Mills wenyewe walilileta kama kichocheo cha mwanafunzi kujitafakari. Sasa linaletwa mezani kwetu kama cheti cha daktari.

Wanafunzi wa udaktari wamejaziwa sana dodoso hili duniani. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Heidi Lujan na Stephen DiCarlo, Chuo Kikuu cha Wayne State, Marekani, mwaka 2006. Kati ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliojibu, asilimia 36.1 tu ndio walioegemea njia moja. Wa kuona peke yake walikuwa asilimia 5.4, na wa kusikia peke yake asilimia 4.8. Waliobaki walichanganya njia mbili, tatu, hata zote nne. Kwa hiyo hata ukilikubali dodoso lilivyo, mtu anayesema "mimi ni wa kuona tu" ni wa nadra sana.

Swali lenye uzito ni kama kufundishwa unavyopenda kunaongeza ufaulu. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu waliweka wazi ushahidi unaotakiwa: wanafunzi wapangwe kwa mitindo yao, kisha kwa bahati nasibu wagawiwe njia za kufundishwa, halafu wote wafanye mtihani mmoja. Ili dai likubalike, wa kuona wafanye vizuri zaidi kwa picha, na wa kusikia wafanye vizuri zaidi kwa sauti. Walipopekua machapisho walikuta tafiti zilizotimiza sharti hilo ni chache mno, na kadhaa kati ya hizo zilitoa matokeo yanayolipinga dai. Baadaye, mwaka 2018, Polly Husmann na Valerie O'Loughlin wa Chuo Kikuu cha Indiana walitoa matokeo yao kuhusu wanafunzi wa anatomia waliojaza VARK na kupewa ushauri wa namna ya kusoma kulingana na majibu yao. Asilimia 67 hawakusoma kwa kufuata mtindo wao. Waliofuata hawakuwapita wenzao kwa alama.

Hapa tuelewane. Hatusemi kwamba watu hawana mapendeleo. Wanayo, na kusoma kwa njia unayoifurahia kunaweza kukupa hamu ya kufungua kitabu. Tunachokataa ni hatua ya pili, ile ya kusema kwamba sikufundishwa nipendavyo, kwa hiyo alama zangu si halali.

Zaidi ya hapo, katika tiba kitu kinachofundishwa ndicho kinachoamua njia. Mngurumo wa valvu ya mitrali ya moyo iliyobana kwa homa ya rumatiki husikika kwa stetoskopu, nao ni hafifu, wa chini, na humponyoka asiyezoeza sikio. Ukisoma maelezo yake mara kumi bado hujausikia. Ini lililovimba hupapaswa kwa vidole. Vimelea vya malaria huonekana kwenye slaidi ya damu chini ya hadubini, na brakiali pleksasi, mtandao wa neva za mkono, haiingii kichwani mpaka uichore, uifute, uichore tena. Dozi ya dawa kwa uzito wa mtoto huandikwa na kukokotolewa kwa kalamu. Mgonjwa wa hospitali ya Bugando au KCMC haji na ugonjwa uliochaguliwa kufuatana na mtindo wa daktari wa zamu. Mtihani wa vituo vya kliniki unakupima kuongea na mgonjwa, kusikiliza, kutazama, kugusa na kuandika, vyote kwa asubuhi moja.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo wengi wanapoteza muda. Rufaa hukatwa kwa maandishi, ndani ya siku zilizowekwa na kanuni za mitihani za chuo chako, na hupitia kwa mkuu wa idara kabla ya kufika ngazi za juu. Siku hizo huhesabiwa tangu matokeo yatangazwe rasmi, si tangu wewe ulipoyaona. Ada ikitakiwa, ilipwe kwa utaratibu wa chuo na stakabadhi iambatanishwe. Barua isiyo na stakabadhi haifunguliwi jalada. Kinachochunguzwa ni kama alama zilijumlishwa vibaya, kama kuna swali halikusahihishwa, kama kijitabu kilichanganywa na cha mtu mwingine, au kama utaratibu wa mtihani ulikiukwa. Njia ya kufundishia haimo. Kama mhadhiri haingii darasani, au haeleweki kabisa, hilo ni lalamiko halali, lakini lina njia yake: mwakilishi wa darasa, mkuu wa idara, na fomu ya tathmini ya somo. Na lifikishwe wakati semista inaendelea. Likija baada ya pepa kusahihishwa, halibadilishi alama.

Kuna hasara nyingine inayotuumiza zaidi. Mwanafunzi anayesubiri majibu ya rufaa ya aina hii huacha kujiandaa na sapu, yaani mtihani wa marudio. Katika vyuo vingi, ukifaulu sapu daraja huandikwa C hata ungepata alama 80. Ukianguka, unarudia mwaka au unadisko, yaani unaondolewa chuoni, kulingana na idadi ya masomo na wastani wako. Anayerudia mwaka huhatarisha pia mkopo wake wa bodi. Tumewaona vijana wenye uwezo mkubwa wakifika huko kwa sababu wiki nne za kusoma zilitumika kuandika barua.

Tusichanganye mtindo na ulemavu. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu, usikivu hafifu, disleksia au hali nyingine iliyothibitishwa na mtaalamu ana haki ya kupewa mazingira yanayomfaa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamlinda, na chuo kinawajibika. Muda wa ziada, karatasi ya maandishi makubwa au kukaa mbele si upendeleo. Tunaomba taarifa ya daktari iletwe wakati wa usajili, au mara tu hali inapogundulika, ili maandalizi yafanyike. Ikiletwa asubuhi ya mtihani, msimamizi hana mamlaka ya kuamua chochote. Dodoso la mtandaoni si taarifa ya daktari. Na taarifa ya kughushi ni kosa la nidhamu ambalo adhabu yake inaweza kufika kufukuzwa chuo.

Kinachosaidia kinajulikana, ila hakipendwi kwa kuwa kinachosha. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi mafupi. Kundi moja liliyasoma kwa vipindi vinne. Jingine liliyasoma kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika linachokumbuka bila kuyatazama. Baada ya dakika 5, waliosoma tu waliongoza kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja walibaki na asilimia 40, na waliojipima walikuwa na 61. Mwanafunzi anayepiga msuli kwa kupitia desa (notisi) lilelile usiku kucha anajiona anajua, na kwa dakika hizo ni kweli anajua. Shida ni kwamba pepa haliji dakika hizo, na mgonjwa huja miaka mingi baadaye.

Kwa madaktari imepimwa vilevile. Douglas Larsen na wenzake, mwaka 2009, waliwafundisha madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa wa watoto na wa tiba ya dharura mada mbili za mishipa ya fahamu. Mada waliyojipimia mara kwa mara waliikumbuka kwa asilimia 39 baada ya zaidi ya miezi sita, na ile waliyoirudia kwa kusoma tu kwa asilimia 26. Mwaka 2003 watafiti wa Kanada waliwafundisha wanafunzi kusoma ECG, mchoro wa umeme wa moyo. Waliofanya mazoezi ya magonjwa yaliyochanganywa walipata asilimia 47 ya majibu sahihi, na waliomaliza ugonjwa mmoja ndipo waende mwingine wakapata 30. Katika tafiti hizi hakuna aliyeulizwa kwanza kama yeye ni wa kuona au wa kusikia.

Wahadhiri nao tunawaomba waache kuwagawia wanafunzi dodoso hili wiki ya kwanza kana kwamba ni kipimo. Saa hiyo itumike kwa maswali matano mafupi mwishoni mwa kila kipindi, yasiyo na alama, na yarudi tena wiki inayofuata yakiwa yamechanganywa na ya mada za nyuma. Slaidi zenye maandishi matupu kwa somo kama embriolojia hazikubaliki. Hapo malalamiko ya wanafunzi yana haki kabisa, kwa sababu mpangilio wa kiinitete unahitaji picha kwa kila mtu, awe anazipenda au hazipendi.

Walio na sapu sasa: gawa mada kwa siku zilizobaki, funga desa, andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu, ndipo ulifungue usahihishe. Rudia mada hiyo baada ya siku mbili tatu, si usiku uleule. Majibu uliyoandika yapeleke kwa mhadhiri wa somo saa zake za kuonana na wanafunzi, usituletee sisi, kwa kuwa yeye ndiye anayeweza kukuonyesha ulipokosea kabla ya tarehe ya mtihani.