Msamaha wa ushuru hutolewa na nchi unayoingia, si duka ulilonunua

Yale maneno "bila ushuru" juu ya duka la uwanja wa ndege huwaponza wasafiri wengi. Duka lile halitozi kodi za nchi unayoondoka, kwa sababu bidhaa inatoka nje ya nchi hiyo. Ni hilo tu. Nchi unayokwenda kushukia haihusiki kabisa na ahadi ya muuzaji. Kwake, chupa uliyonunua karibu na lango la ndege ni bidhaa iliyotoka nje, sawa na ile uliyonunua mjini, na zote mbili zinahesabiwa pamoja.

Chukua katoni moja ya sigara: pakiti 10, sigara 200. Ukiingia nayo nchi ya Umoja wa Ulaya kwa ndege, uko ndani ya kiwango. Ukishuka nayo Australia, msamaha ni sigara 25 ambazo hazijafunguliwa, na juu yake pakiti moja uliyokwisha kuifungua. Ukishuka nayo Singapore hakuna msamaha hata wa sigara moja. Katoni ni ileile, risiti ni ileile. Kwa hiyo kiwango cha kusoma kabla ya kununua ni cha nchi ya kufikia.

Viwango viko vya aina mbili, na watu huvichanganya. Tumbaku na pombe hupimwa kwa idadi au ujazo. Vitu vingine vingi hupimwa kwa thamani. Umoja wa Ulaya, kwa anayetoka nje ya Umoja huo, unaruhusu euro 430 kwa wasafiri wa ndege na meli, na euro 300 kwa wanaopita njia nyingine. Watoto wa chini ya miaka 15 wanaweza kuwekewa euro 150 tu. Pombe ni lita 1 ya kali inayozidi asilimia 22, au lita 2 za ile isiyofika hapo, na zaidi ya hizo lita 4 za divai ya kawaida na lita 16 za bia. Tumbaku na pombe zikiwa ndani ya kiwango chake, thamani yake haiingizwi kwenye zile euro 430. Ila asiyefikisha miaka 17 hana msamaha wowote wa tumbaku wala pombe, hata kama chupa ni zawadi ya babu.

Neno "au" lina uzito wake. Lita 1 ya pombe kali au lita 2 za nyepesi maana yake si lita 3. Unaweza kugawanya kwa uwiano: nusu lita ya kali pamoja na lita moja ya nyepesi, ndiyo ukomo. Tumbaku nayo ni hivyo hivyo: sigara 100 na sigara nene 25 za majani ya tumbaku (cigar) zinakamilisha kiwango cha mtu mmoja, kwa kuwa kiwango kamili ni 200 kwa ya kwanza au 50 kwa ya pili.

Sasa sehemu inayoumiza mifuko. Kitu kimoja hakikatwi vipande. Umeingia Ujerumani kwa ndege na simu mpya ya euro 480. Wengi hutarajia kulipia zile euro 50 zilizozidi 430. Hapana, inatozwa simu nzima. Ujerumani hutumia kiwango cha jumla cha asilimia 17.5 kwa mizigo ya abiria isiyozidi thamani ya euro 700, hivyo hesabu ni asilimia 17.5 ya 480, yaani euro 84. Wala mume na mke hawawezi kuunganisha misamaha yao ili kufunika saa moja ya euro 800, maana msamaha ni wa kila mtu na saa haigawanyiki.

Uingereza ina ukali wa namna yake. Msamaha wa vitu vya kawaida ni pauni 390, na wa pombe kali ni lita 4, ambao ni mkubwa. Lakini ukizidisha kiwango cha kundi fulani, unalipia bidhaa zote za kundi hilo, si ile ziada peke yake. Australia nayo hufuata kanuni hiyo, kwa hiyo chupa moja ya ziada juu ya lita 2.25 inaweza kuvuta chupa zote ziingie kwenye ushuru. Ushauri wangu ni mmoja: kama huna hakika na hesabu, acha chupa ya mwisho dukani.

Marekani hutofautisha mkaazi na mgeni. Mkaazi anayerudi kwa kawaida ana dola 800. Mgeni anayekaa angalau saa 72 ana dola 100 za zawadi. Kung'oa lebo na kuvaa nguo mpya hakumsaidii mkaazi, kwani alichonunua nje kinahesabiwa hata kikiwa mwilini.

Kwenye viwanja vyenye njia mbili za forodha, ya kijani na nyekundu, kupita ya kijani ni tamko. Umesema kwa miguu yako kwamba huna cha kutangaza, na kauli "sikujua" inakuja ikiwa imechelewa. Ukiwa na shaka, pita njia nyekundu na uulize kabla hujaulizwa. Anayetangaza mwenyewe kwa kawaida hulipa ushuru na kuondoka. Anayekutwa anaweza kutozwa faini, kunyang'anywa bidhaa, au vyote viwili.

Fedha taslimu nazo huleta hofu isiyo na sababu. Kutangaza euro 10,000 au zaidi unapoingia Umoja wa Ulaya hakukutozi hata senti, na hakuna katazo la kubeba. Kosa ni kunyamaza. Tangu Juni 2021 hesabu hiyo inaingiza pia sarafu za dhahabu zenye angalau asilimia 90 ya dhahabu. Marekani hudai tamko kwa zaidi ya dola 10,000, na familia inayojaza tamko moja hujumlisha fedha zote, hivyo kuwagawia watoto bahasha hakuondoi wajibu.

Chakula hakifuati thamani kabisa, kinafuata magonjwa. Nyama na maziwa kutoka nchi nyingi za nje ya Umoja wa Ulaya haviingii, hata kipande cha sandwichi kilichobaki safarini. Katika matunda, yasiyodai cheti cha afya ya mimea ni matano tu: nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. New Zealand hutoza faini ya papo kwa papo ya dola 400 za huko kwa tunda lisilotangazwa, na tufaha ulilopewa ndani ya ndege linahesabika. Dawa nazo zibebe kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari, na uangalie jina la kiambato, maana dawa ya mafua yenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10 hairuhusiwi Japani.

Ukiunganisha ndege ndani ya Umoja wa Ulaya, mfano Dubai hadi Lisbon kupitia Amsterdam, mzigo wa mkononi hukaguliwa Amsterdam, na begi lililosajiliwa moja kwa moja hukaguliwa Lisbon. Kwa hiyo risiti za vitu vilivyo kwenye begi kubwa usizitupe Amsterdam. Bila risiti, afisa ndiye atakayekadiria bei.